Kijani cha Kwenye Mchoro

Barua kutoka Dodoma ilikuwa imeandikwa HARAKA juu kwa wino mwekundu, kwa hiyo ilikaa masjala siku nne tu kabla ya kunifikia. Ilitutaka sisi, halmashauri ya mji, tueleze mizania yetu ya hewa ukaa: magari, mkaa na mashine zetu vinatoa moshi kiasi gani, na miti na majani yetu vinameza kiasi gani. Mji utakaoonyesha kwamba umepanga ardhi yake vizuri na kutunza maeneo ya kijani utatembelewa na wageni wafadhili. Baada ya wageni, barua ilisema, kunaweza kufuata mradi. Mkurugenzi wetu alikuwa amelipigia mstari neno "mradi". Neno "kunaweza" hakuliona.

Mimi ni afisa mipango miji. Nilizaliwa Samuye, kwenye nyumba ya ng'ombe wengi na vitabu viwili, nikaenda chuo nikafundishwa kwamba mji hupangwa kwanza, halafu ndipo watu wanakuja. Mji niliopangiwa kazi uko kwenye ukanda wa dhahabu, upande wa Geita, na huko mambo yalikwenda kinyume. Mtu mmoja alichimba shimo akaona dhahabu. Wakaja wengine. Wakaja mama lishe, wakaja wenye gesti, wakaja wachungaji na mashehe, wakaja wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe zinazotikisa vikombe mezani tangu asubuhi. Mwisho kabisa nikaja mimi, na rula.

Mkurugenzi aliniita ofisini.

"Mama Mipango, tuna maeneo ya wazi mangapi mjini?"

"Kwenye mchoro yako tisa, mkurugenzi."

"Tisa! Safi sana. Na kwenye ardhi yenyewe?"

"Yote sijayaona kwa macho."

"Nenda kayaone. Ukirudi uje uniambie ni tisa."

Nilikunja mchoro, nikachukua bodaboda. Eneo la kwanza lilikuwa baa. Mwenye baa alinipokea kwa heshima zote, akanionyesha barua ya halmashauri iliyompa kibali cha muda, iliyosainiwa na mtu aliyestaafu kabla sijaajiriwa. Nilimwambia kwamba hapa palitakiwa kuwa bustani ya wananchi. Akanyoosha kidole kwenye bango lake. Neno "Gadeni" lilikuwepo, kwa herufi kubwa, na chini yake mwarobaini mmoja uliofungwa spika.

Eneo la pili lilikuwa kituo cha mafuta. La tatu lilikuwa uwanja wa matimba, yale magogo ambayo wachimbaji huyatumia kuegemeza kuta za mashimo yao zisiwaangukie. Yalikuwa yamepangwa safu kwa safu kuliko nyumba yoyote katika mji huo. Muuzaji alinisikiliza nikieleza habari ya miti na hewa ukaa, akafurahi kweli.

"Dada, kama unatafuta miti, basi umefika. Mjini kote hakuna mwenye miti kunizidi mimi."

Ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba yote ilikuwa imelala.

Eneo la nne lilikuwa na kanisa na msikiti vilivyopakana ukuta kwa ukuta, kila upande ukiniambia kwamba mwenzake ndiye aliyeanza kujenga. La tano, ambalo kwenye mchoro lilikuwa uwanja wa watoto wenye bembea, lilikuwa duara, yaani shimo la dhahabu, na wachimbaji waliotoka ndani wakiwa weupe kwa vumbi waliniamkia shikamoo, kisha wakaniuliza kwa upole kama nimekuja na leseni. La sita lilikuwa yadi ya magari mabovu, na nilipouliza ni ya nani niliambiwa ni yetu sisi halmashauri. Yakabaki matatu: makaburi, uwanja wa mpira na kipilefti cha barabara kuu.

Niliandika ripoti ya kweli. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Makaburini kuna majani?"

"Yapo, mkurugenzi. Msimu wa mvua yanafika kiunoni."

"Basi hilo ni eneo la kijani tulivu. Andika. Uwanja wa mpira?"

"Ni vumbi tupu. Golini tu ndiko kuna majani, kwa golikipa wa upande wa chooni."

"Vumbi la leo. Tunapanga kwa miaka ishirini. Paka kijani."

Nikapaka. Nisijifanye shujaa hapa. Nilipaka kijani uwanja wa mpira, nikapaka kipilefti, nikapaka baa kwa sababu ya ule mwarobaini, na nilipofika kwenye yadi ya magari mabovu mkono ulikuwa umeshazoea. Mchoro ulipotoka kwenye printa ulipendeza hadi mhasibu akaomba nakala aitundike ukutani. Ungeuona ungedhani tunaishi katikati ya shamba la chai.

Wiki mbili baadaye alikuja mtaalamu kutoka Dodoma kuhakiki. Alikuwa kijana mpole, mwenye kishikwambi na viatu visivyostahili vumbi letu. Aliweka mchoro wangu mezani, akaweka picha ya satelaiti pembeni yake, akawa anatazama huku, anatazama kule, kama mtu anayelinganisha picha ya kitambulisho na uso wa mwenyewe.

"Hiki kijani chenu," alisema mwishowe, "satelaiti haikioni."

"Labda kulikuwa na mawingu," mkurugenzi alisema.

"Mawingu hayakuwepo. Lakini hapa," na akagusa pembe ya mashariki ya mji, "hapa satelaiti inaona kijani kizito, na kwenye mchoro wenu pana rangi ya zambarau. Hapa ni wapi?"

Watu wote mezani walinigeukia. Nilipajua mahali pale vizuri kuliko nilivyotaka. Zambarau ni rangi ya viwanda, na aliyepaka zambarau ile ni mimi mwenyewe, miaka mitatu nyuma, tulipoandaa mpango kabambe wa mji. Viwanda vidogo na maegesho ya malori, ndivyo nilivyoandika. Sikwenda hata kupaona. Nilifika huko siku moja baadaye sana, mchoro ukiwa umeshapitishwa, nikakuta kumbe ni ngitili.

Kwa asiyetoka Usukumani nieleze. Ngitili ni ardhi ambayo familia huifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, shoka haliingii. Majani yanakua, miti inachipua yenyewe kutoka kwenye visiki vya zamani, na kiangazi kikishakaza, porini kukiwa hakuna kitu, mwenyewe anaifungua ili mifugo ile. Baba yangu alikuwa nayo Samuye. Nilikua nikichapwa kwa kuingiza ndama mle kabla ya wakati. Halafu nikaenda chuo miaka minne, nikajifunza maneno mengi ya kitaalamu ya kuhifadhi ardhi, na nilipopewa kalamu nikaigeuza ngitili ya watu kuwa maegesho ya malori.

"Ni ngitili ya mama mmoja mjane," niliwaambia.

Mkurugenzi alipiga makofi mara moja. "Ndiyo hiyo! Wageni tutawapeleka huko. Huo ni msitu wetu."

Kwa hiyo nilitumwa kwenda kumwazima mama yule ngitili yake. Nilimkuta anapepeta mtama nje ya nyumba, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kumhesabia mtu mbavu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma, nikipiga goti.

"Mwangaluka." Alinitazama kiatu mpaka kilemba. "Wewe ndiye uliyeleta watu wa kupiga bikoni za mipaka kwenye majani yangu?"

Nilikubali kwamba ni mimi. Nikamweleza habari za wageni, za moshi na miti, za mizania. Alisikiliza huku anapepeta. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo miaka yote mnaniambia hapa ni mahali pa malori. Sasa wamekuja wakubwa wanataka miti, mmekumbuka kwamba nina miti."

"Ndiyo, mayu."

"Angalau wewe hudanganyi. Waje. Lakini nataka barua. Iandikwe kwamba hii ni ngitili, itabaki ngitili, hakuna greda, hakuna malori, na mimi na wanangu ndio tunaoamua lini inafungwa na lini inafunguliwa. Bosi wako aisaini, apige na muhuri."

Nilirudi ofisini nikaiandika barua ile. Ningeweza kuilainisha, maana kazi hii inakufundisha kuandika sentensi inayoingia mlango huu na kutokea ule. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika "itazingatiwa kadri hali itakavyoruhusu", nikaifuta. Nikaandika kama mama alivyosema, neno kwa neno, nikaichomeka katikati ya rundo la karatasi za ugeni: orodha ya viti, orodha ya soda, kibali cha mahema. Mkurugenzi alisaini zote akiwa anaongea na simu. Ile moja niliipeleka mwenyewe kupigwa muhuri.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi. Mahema mawili yalisimamishwa nje ya ngitili, na tulikata matawi machache ya migunga ili gari la muziki lipite, jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa la ajabu. Bango kubwa lilisema: MSITU WA HALMASHAURI WA KUNYONYA HEWA UKAA. Mwenyekiti wa halmashauri alihutubia muda mrefu kuhusu juhudi tulizofanya. Jenereta ya kipaza sauti ilinguruma pembeni ikitoa moshi mweusi uliokwenda moja kwa moja kwenye miti, na nakumbuka niliwaza kwamba angalau huo haukwenda mbali.

Kisha mgeni mkubwa, bwana mmoja mwenye sauti ya chini, akaomba amsikie mama mwenyewe. Mama alijua Kiswahili vizuri. Tulishaongea naye kwa Kiswahili zaidi ya mara moja. Lakini siku ile alishika kipaza sauti akaongea Kisukuma, na mkurugenzi akanisukuma mbele nikatafsiri.

"Anauliza, ulifanya nini mpaka msitu huu ukasimama namna hii?" nilimfikishia mama swali la mgeni.

Akajibu kwa Kisukuma, taratibu, kwamba alichofanya ni kuwafukuza watu wa halmashauri kila walipokuja.

Mkurugenzi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Hakutoka pande hizi, Kisukuma hakukijua hata salamu.

"Anasema," nilisema, "amekuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na halmashauri."

Nyuma, kwenye mikeka, ambako walikaa majirani, kicheko kilianza chinichini kikapanda kama maji ya kuchemka. Wageni nao wakatabasamu, wakidhani mama ametania. Mama alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama kama baba alivyokuwa akinitazama akikuta ndama ndani. Akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Mkalimani wangu amechoka. Nitasema mwenyewe."

Akasema. Alieleza jinsi alivyofiwa na mume, jinsi alivyokataa kuuzia watu wa mkaa na watu wa matimba, jinsi bikoni zilivyopigwa bila yeye kuulizwa. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu kwa meno tu. Halafu mama akatoa bahasha kwenye kanga, akaifungua.

"Lakini baba huyu," akamwashiria mkurugenzi, "ameniandikia barua. Ameahidi kwa saini yake kwamba hakuna greda litakaloingia hapa. Kiongozi anayeandika, huyo namshukuru."

Bwana yule mwenye sauti ya chini alisimama akapiga makofi. Wageni wote wakasimama. Mkurugenzi hakuwa na njia ila kuinama kidogo, mkono kifuani, akishukuru kwa barua ambayo ndiyo kwanza anaisikia.

Tukirudi kwa gari, tulipofika lami, mkurugenzi alinigeukia.

"Mama Mipango, ile barua niliisaini lini?"

"Siku ya orodha ya soda, mkurugenzi."

"Nilidhani ni ya soda."

Yangeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mji ulifaulu, na mradi ukaja, na kwenye mradi kulikuwa na fungu la "kuboresha eneo la kijani". Kuboresha, kwa akili ya kamati yetu, kulimaanisha kung'oa vichaka vyote, kupanda minazi ya mapambo iliyotoka Dar es Salaam kwa lori, kumwaga zege, kuweka vigae vya rangi na chemchemi ya maji katika mji ambao mabomba yanatoa maji siku mbili kwa wiki. Nilisema kwenye kikao kwamba vichaka hivyo ndivyo vinavyomeza moshi tuliosifiwa nao, na kwamba minazi ile haitameza chochote maana itakufa. Nilijibiwa kwamba vichaka havipendezi kwenye picha.

Greda lilikwenda kwenye ngitili asubuhi, mkurugenzi nyuma yake kwenye gari na mkandarasi, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, barua mapajani. Dereva wa greda, kijana wa Nkome aliyezoea kuvunja vibanda bila kupepesa, alizima mashine mwenyewe bila kuambiwa.

"Bosi, kuna mama."

"Naona kuna mama. Mwambie apishe."

"Mwambie wewe, bosi. Mimi huyu ni kama bibi yangu."

Mkurugenzi alishuka akamwamkia. Mama akaitika marahaba, akampa barua aisome. Aliisoma pale juani, midomo ikicheza, akafika kwenye saini yake akakaa nayo muda. Kisha akanigeukia.

"Nani aliandika hii?"

"Niliandika mimi. Alisema mama. Ulisaini wewe."

Greda lilirudi kinyumenyume. Jioni hiyo hiyo nilipewa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua. Nilikaa nayo nyumbani nikiwaza mwanangu atasoma wapi kama nitahamishwa. Niliogopa, siwezi kusema vinginevyo. Niliandika maelezo mara nyingi, mengine ya kuomba msamaha hadi nikaona aibu, mwishoni nikaandika nusu ukurasa: kwamba nilipaka rangi ya zambarau mahali nisipokwenda kupaona, kisha nikapaka kijani mahali nilipokwenda nikaona si kijani, na kwamba katika kazi zangu zote za mwaka ule, barua ya mama ndiyo pekee iliyolingana na ardhi.

Sijui kama mkurugenzi aliyasoma. Siku ya sita ilifika ripoti kamili ya wageni, ikiwa imechelewa. Ilitusifu mno, na sifa kubwa kuliko zote ilikuwa ya ile barua: mfano, walisema, wa halmashauri kumhakikishia mwananchi haki ya ardhi yake kwa maandishi. Waliomba mkurugenzi aende kueleza kwenye semina jinsi alivyopata wazo hilo. Akaenda. Alikwenda semina nyingi baada ya hapo, na nasikia anaeleza vizuri sana. Habari ya kujieleza kwangu haikutajwa tena na mtu yeyote. Mkurugenzi sasa ni mkubwa mahali pengine.

Minazi ilikuwa imeshafika, kwa hiyo ilipandwa kwenye kipilefti. Iliishi hadi boza la maji lilipoharibika. Mbuzi walimalizia.

Mpango kabambe niliurekebisha mwenyewe, zambarau ikawa kijani. Ilichukua vikao, na tangazo la siku nyingi ubaoni ili mwenye pingamizi alete. Pingamizi lilikuja moja, kutoka kwa yule muuzaji wa matimba, aliyeandika kwamba msitu mzuri namna ile kuachwa umesimama ni kuchelewesha maendeleo. Baraza lilimsikiliza, likamshukuru, likapitisha. Nilichapisha kipande kile cha mchoro nikampelekea mama. Alikigeuza huku na huku, akaniuliza nyumba yake iko wapi, nikamwonyesha. Akasema rangi hii ni nzuri, lakini majani yake hayana rangi hiyo. Kisha akaniletea maziwa mgando, akakaa kando yangu. Habari ya siku ya kipaza sauti hakuitaja. Nilijaribu kuitaja mimi. Akaniambia ninywe kwanza.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, simu yangu iliita mchana. Alikuwa yule mtaalamu wa Dodoma, na sauti yake ilikuwa ya msiba.

"Mama Mipango, kuna nini huko? Nimeangalia satelaiti. Kijani kwenye ule msitu kimepungua ghafla. Kuna moto? Kuna uvamizi?"

Nilichungulia dirishani, ingawa kutoka ofisini hapaonekani.

"Hakuna uvamizi," nilimwambia. "Ni ng'ombe. Wanakula."

Nilisikia kalamu yake.

"Wanakula kwa mpango gani?"

"Mama amefungua. Mvua zikirudi atafunga."

"Sawa, lakini kwenye fomu hii kuna sehemu mbili tu. Uharibifu, au hakuna mabadiliko. Nijaze ipi?"

Tulibaki kwenye simu muda mrefu, sisi wawili wasomi, tukitafuta kisanduku cha kuwatia ng'ombe. Mwishowe nilimshauri aache wazi, aandike pembeni kwa mkono. Aliuliza aandike nini. Nikamtajia neno ngitili, herufi kwa herufi, naye akalirudia taratibu mpaka likamkaa mdomoni.